Nafasi ya Jina Moja

Tarehe 4 Mei

Fundi wangu,

Nimefika salama, chumba nimepata, kitanda kinalia kila nikigeuka lakini kinalalika. Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu simu yetu huanza na "umekula?" na kuishia mmoja amemkatia mwenzake. Basi naishika kalamu kwa utii, nawe usome mpaka mwisho ndipo unune ukitaka.

Hali ya Kiganja, mchezo wetu wa mkononi, ni mbaya kuliko tulivyoambiwa kule tawini. Ghorofa ya chini ya makao makuu imejaa maboksi yaliyorudishwa na maduka, mengine hata utepe haujakatwa. Mwenye duka mmoja ameandika juu ya boksi kwa kalamu nene: "Watu wanachezea simu." Nimesoma ripoti nyingi wiki hii, na hiyo ndiyo iliyo fupi na ya kweli kuliko zote. Wakurugenzi wametupa hadi tarehe 15 Juni, mimi na Mshauri, tuwaletee mkakati mpya wa soko. Tukishindwa, Kiganja kinafungwa, nasi tuliokiuza miaka kumi na mmoja tutafute pengine pa kwenda.

Mshauri ameajiriwa kutoka nje kwa ajili ya kazi hii tu. Viatu vyake vinang'aa hata mvua ikinyesha. Anataka Kiganja kipya kiwe na kamera, kiguswe kioo, kipige simu. Nikamuuliza, sasa hiyo si itakuwa simu? Akasema ndiyo, lakini ya michezo. Hata hivyo Mshauri ni mtu msikivu. Jana alinibebea mafaili ngazi tatu nzima, na mbele ya watu akasema nina jicho la soko. Mshauri anasema watu kama mimi wanapotea tawini.

Vipi Mshonaji wa mlango wa pili? Dada yako kaniambia cherehani yake imeharibika tena. Hiyo ni mara ya tatu tangu ijulikane kwamba nasafiri. Simwonei mtu wivu, nauliza tu.

Bibi wako anakusalimu na kachoka.

Bibi

*

Tarehe 9 Mei

Kwa Bibi mwenyewe,

Barua imefika na nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza, halafu nikairudia nikiwa na kalamu. Nimehesabu. Mshauri ametajwa mara nne. Mimi sijatajwa hata mara moja, isipokuwa pale juu kwenye salamu, na pale uliponiruhusu ninune.

Cherehani ya Mshonaji ilikuwa na uzi umenasa chini ya meno yake. Nimeutoa kwa kibanio, amelipa, ameondoka. Mwambie dada yangu aongeze na hilo kwenye taarifa zake.

Duka lipo. Nimepokea saa mbili za ukutani na redio moja ambayo mwenyewe aliifungua kwa kisu cha jikoni. Kazi ikipungua nakichukua Kiganja chetu nacheza Pakia. Nimepanga makreti kwenye lile lori mpaka kidole gumba kimeota sugu, na bado nikishindwa kinaniandikia BINGWA: BIBI 40,250. Waliokitengeneza walikuwa wachoyo kweli. Nafasi ya jina moja tu, tena la herufi nne, na ukitaka jina lako likae lazima la mwenzako lifutike. Mimi rekodi yangu ni elfu thelathini na nane. Nikikaribia hapo mkono unatetemeka, sijui kwa nini.

Sasa niseme jambo ili usije ukasema nimelificha. Nina wivu. Sina ushahidi wowote, nina wivu tu. Nimekuoa miaka kumi na minne na sijawahi kukubebea mafaili, kwa sababu hukuwahi kuniambia kwamba mafaili yanabebwa na watu wengine.

Andika upesi.

Fundi wako

*

Tarehe 16 Mei

Fundi wangu mwenye rula na kalamu,

Leo nitakutaja mpaka utosheke. Nakuwaza sana kazini, na sababu si ile unayoifikiria.

Nimehamisha meza yangu. Nilikuwa nimekaa ghorofa ya nne natazama takwimu zinazoshuka, nikachoka, nikashuka nazo hadi kaunta ya matengenezo. Huku ndiko kwenye watu. Kaunta ya mauzo ina mhudumu mmoja anayepaka rangi kucha, na hapa kwetu foleni inafika mlangoni. Ni watu wazima: dereva wa lori, mwalimu mstaafu, muuguzi, bibi mmoja anayekuja kila Jumanne. Hawataki kipya. Nimewaonyesha kipya wakakisukuma pembeni. Kila mmoja anakuja na Kiganja chake cha zamani kilichochubuka kona, betri ya ndani imechoka, na wote wanasema neno lile lile: "Usifute."

Mafundi wa hapa wanabandua betri ya zamani wanaweka mpya, na katika ile nusu dakika Kiganja kinasahau kila kitu. Nimemwona mwalimu mzima ametoka hapa anafuta macho. Nikakukumbuka wewe na mtindo wako wa kukiazima umeme, betri ya pembeni na nyaya mbili, ili kisijue kwamba moyo wake unabadilishwa. Hapa hakuna anayeujua mtindo huo. Kuna jambo nalipika, Fundi, na likiiva utalijua. Kwa sasa sikwambii.

Kwenye kifurushi hiki nimetia Kiganja cha bluu. Ni cha Bibi. Kibadilishie betri kwa mtindo wako, usifute chochote, na kinifikie kabla ya mwezi kwisha. Yaliyobaki nitakueleza, kwani gari la vifurushi linataka kuondoka, mvua inanyesha, na Mshauri ananisubiri mlangoni na mwavuli.

Bibi

*

Tarehe 27 Mei

Bibi,

Kazi yako imekwisha. Nianze na kazi, maana kazi haina kosa.

Nimekifungua, nimeondoa vumbi, nimelehemu nyaya mbili kwenye betri ya kuazima, nimetoa ya zamani ikiwa imeota kutu ya kijani, nimeweka mpya, nimekata za kuazima. Hakikuzimika hata kwa kupepesa jicho. Nilijisifu peke yangu pale mezani. Nikakiwasha nihakikishe kumbukumbu ipo.

Ipo. BINGWA: MUME 61,340.

Nilikisoma mara nyingi. Nikasema labda macho, nikakipeleka dirishani kwenye mwanga. Kiganja ni cha Bibi, umeandika kwa mkono wako, na Bibi wangu ni mmoja. Mume wa Bibi ndiye mimi, nami sijawahi kuvuka elfu thelathini na nane, na kifaa hicho cha bluu sijawahi kukitia machoni. Basi ni mume yupi huyo aliyekaa na Kiganja chako akapanga makreti hadi elfu sitini na moja? Nikaukumbuka mwavuli. Nikakumbuka na jambo unalolipika ambalo kwa sasa huniambii.

Nimebandika karatasi mlangoni, FUNDI MGONJWA, na sikusema uongo. Siku tatu sikugusa saa ya mtu. Nimecheza Pakia na dirisha nimefunga, chakula nakula kwa mkono mmoja. Mshonaji alileta bakuli la wali akidhani naumwa kweli. Niliula. Siku ya tatu saa tisa mchana nimefika 61,900, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Kikaniuliza jina. Nimeandika MUME.

Ninakurudishia. Ukikiwasha utaona neno ni lile lile, ila safari hii limeandikwa na mwenyewe. Mwonyeshe na huyo mwenye viatu vya kung'aa.

Fundi

*

Tarehe 1 Juni

Kwa Fundi,

Nimeishika simu nikaiweka chini. Nikikupigia nitasema maneno ambayo nitashindwa kuyarudisha, kwa hiyo soma.

Kiganja kile si changu. Ni cha Bibi. Ni yule bibi niliyekuandikia kwamba huja kila Jumanne. Hapa kaunta kila mtu anamwita Bibi, na mimi pia, mpaka jina likazoeleka mdomoni, nikaliandika bila kukumbuka kwamba nyumbani Bibi ni mimi. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Mume wake alikuwa mpiga chapa. Amefariki mwaka wa nne sasa. Alicheza Pakia kila akitoka kazini, na wiki ile aliyolazwa ndiyo alifika 61,340, akaandika MUME kwa kuwa jina lake lilikuwa na herufi saba na halikuenea. Bibi hachezi. Anakiwasha, anatazama ule mstari, anakizima. Alipoona kioo kinafifia alinijia, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, hiki kikisahau, mimi nitakuwa sina pa kumtazama." Nikamwambia asiwe na shaka, nina fundi ambaye hajawahi kusahaulisha hata kimoja. Nilijidai, Fundi. Nilijidai kwa ajili yako mbele ya watu wote waliosimama kwenye foleni.

Na lile jambo nililokuwa nalipika ni hili. Nilitaka kuwaambia wakurugenzi tuache kukimbizana na simu, tufungue huduma ya kubadilisha betri bila kufuta katika kila mji, na mtu wa kuwafundisha mafundi wote awe wewe. Bibi alikubali kuja mkutanoni na Kiganja chake awaonyeshe. Nilitaka usikie kwanza kutoka kwa mkurugenzi, si kwangu.

Mshauri ana umri wa baba yangu. Hilo sikulisema kwa sababu hukuuliza. Umefunga duka siku tatu, umecheza siku tatu, na katika siku hizo zote hukupata nafasi ya kuandika mstari mmoja wa kuniuliza. Umeamini herufi nne za mashine, ukaiacha miaka kumi na minne.

Bibi anakuja Jumanne. Sijui nitamwambia nini.

Mkeo

*

Tarehe 4 Juni

Mke wangu,

Nimesoma na nimekaa. Sina la kujitetea, wala sitajaribu.

Kuna njia moja. Nirudishie Kiganja kwa gari la haraka. Nikibandua betri bila kukiazima umeme, kitasahau kila kitu, pamoja na upuuzi wangu. Kisha nitacheza upya. Kila kreti ni pointi kumi, kwa hiyo inawezekana kufika 61,340 kamili na kusimama hapo hapo, nikaliacha lori lijae nishindwe makusudi. Nitaandika MUME. Neno lile, nambari ile. Bibi hatajua, na mkutano wako utakuwa salama.

Najua mkono wangu sasa unaweza. Nisingependa kuujua kwa njia hii.

Fundi

*

Tarehe 6 Juni

Fundi,

Kimo ndani ya kifurushi. Fanya.

Jumanne nimemwambia Bibi kwamba fundi bado anakimalizia. Nimemwambia nikimtazama usoni, na yeye akanishukuru. Nikaenda chooni nikakaa huko hadi foleni ikaisha.

Mkutano uko pale pale, tarehe 15. Usichelewe.

Mkeo

*

Tarehe 12 Juni

Mke wangu,

Kiganja kinakuja na barua hii, na utanikasirikia upya, kwa hiyo keti kwanza.

Nimekisahaulisha kama nilivyosema. Nimecheza. Siku ya kwanza nilipita kwa pointi thelathini, nikaanza tena. Leo asubuhi nimefika 61,340 kamili. Nikaacha makreti yajae, lori likafunga mlango, kikaniuliza jina. Nimeandika M. Nimeandika U. Kidole kikagoma.

Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa pale dirishani siku ile, nikiliona neno hilo limeandikwa na mtu nisiyemjua ndani ya kitu cha mke wangu. Sijawahi kuumwa na kitu namna ile. Nilitaka kuvunja meza. Sasa huyo mpiga chapa angekuwa hai na akajua kwamba kuna fundi katika mji wa mbali amekaa na Kiganja cha mkewe, amejiita mume, na mkewe kila siku anakiwasha anamtazama huyo fundi akidhani ni yeye, angefanya nini? Mimi nilikuwa na siku tatu za kujibu. Yeye hana hata moja. Wivu wangu ulikuwa wa bure, lakini umenifundisha wivu wake, na wake ni wa haki. Sikuweza kukaa mahali pake, mke wangu. Sikuweza hata kwa ajili ya kazi yako.

Nimekizima kabla ya kuthibitisha. Mahali pa jina pana vistari vinne, vitupu.

Humo ndani kuna bahasha nyingine, ni ya Bibi. Nimemweleza yote, pamoja na mwavuli. Sikukutaja kwa lolote ila kwamba uliniamini. Ukiona inakuharibia mkutano, ichome na umwambie mwenyewe kwa namna yako, ila usimpe kile kitupu bila kumwambia.

Na lingine. Dada yangu ameniambia kwamba umekuwa ukimwandikia kuhusu Mshonaji. Sikasiriki. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Fundi wako, ukitaka

*

Tarehe 17 Juni

Fundi,

Barua yako kwa Bibi sikuichoma. Nilimpelekea nyumbani kwake siku moja kabla ya mkutano. Ana sebule ndogo yenye kabati la vioo na viti viwili vinavyotazamana. Alisoma polepole akiwa amesimama, akaikunja, akakichukua Kiganja mkononi mwangu, akanifungulia mlango. Pale mlangoni aliniuliza swali moja, nikamjibu, akasema neno moja tu, na hayo nitakuachia akuambie mwenyewe, maana aliniomba anwani yako.

Mkutanoni nilikwenda mikono mitupu. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, nikayaacha kwenye begi. Niliwaambia yaliyotokea kama yalivyotokea: kwamba mume wangu, mtu mzima mwenye akili zake, alifunga duka siku tatu ili afute jina moja kwenye kioo cha upana wa vidole vitatu. Mkurugenzi mmoja alicheka. Mshauri hakucheka. Alivua miwani akasema, "Nimefanya kazi hii miaka thelathini, na sijaona mtu akifunga duka siku tatu kwa sababu ya kitu kilichoandikwa kwenye simu. Huyo fundi ametufanyia utafiti wetu." Akaichana karatasi yake ya kamera na kioo cha kugusa mbele yetu, ingawa alikuwa nayo nakala nyingine, nimeiona.

Kwa hiyo mkakati umepita, shingo upande, lakini umepita. Tutajaribu katika miji mitatu kwa miezi sita. Hatutauza Kiganja kama mchezo wa vijana tena. Tutakiuza kama kitu kinachobaki nyumbani, cha kupokezana. Kila mji utakuwa na fundi wa kubadilisha betri bila kufuta. Na Viganja vipya vitakuwa na nafasi ya majina ishirini, na la kwanza kuingia halifutiki hata likipitwa. Hilo la mwisho niliongeza asubuhi ile ile nikiwa nimesimama mbele yao. Miaka kumi na mmoja tumekiuza kitu chenye nafasi ya mtu mmoja, tukashangaa watu wanagombana.

Wanakutaka uje uwafundishe mafundi. Nimewaambia nitakuuliza. Nakuuliza.

Kuhusu mimi na wewe. Ni kweli nilimpeleleza Mshonaji, barua tatu, na ya tatu niliuliza hata nguo anazovaa. Kwa hiyo sina mahali pa juu pa kukuhukumia. Lakini bado naumwa. Uliponiona na mwavuli wa mtu hukuona mke wako anaepushwa na mvua. Nitarudi tarehe 30. Hasira nitakuja nayo, tutaimaliza hapo hapo nyumbani, na safari hii kwa mdomo.

Mkeo

*

Tarehe 24 Juni

Fundi,

Nilianza na "mwanangu" nikakata, utauona mstari hapo juu. Sijafika huko.

Barua yako nimeisoma. Una mwandiko mzuri. Marehemu angeusifu, alikuwa mtu wa herufi. Umeniomba radhi mara nne. Ya kwanza ilitosha, tatu zilizobaki ulikuwa unajiomba mwenyewe.

Sijakusamehe. Nasema hivyo ili usidhani barua hii ni ya kusamehe. Nambari ile niliijua kuliko umri wangu. Kila nilipokiwasha nilikuwa nasikia anavyokohoa kabla ya kusema "Nimepita." Sasa nakiwasha sisikii kitu, na aliyefanya hivyo ni wewe, kwa sababu ambayo ni ya kijinga.

Lakini umesema kweli wakati ambapo uongo ulikuwa tayari, umeshapikwa na kupakuliwa. Nami nitakuambia kweli ambayo sijamwambia mtu, hata mkeo.

Nilikuwa nakionea wivu kile kidude. Miaka saba alirudi kazini akakaa kwenye kiti chake na uso wake umeinamia mikono yake, nami nimekaa kwenye changu natazama utosi. Nikimwomba nicheze anasema utaniharibia. Alipofariki watu walisema, angalau umebaki na kumbukumbu yake. Nilikuwa nayo kweli, ila niliiogopa. Mara mbili nilijaribu kucheza. Mara ya pili mkono ulikubali, nikaona nakaribia hamsini elfu, nikaliacha lori lijae makusudi, nikalia. Nikimpita, nimemfuta. Nikikaa bila kucheza, nimekaa natazama utosi wake tena, na safari hii hana hata utosi. Hivyo ndivyo nilivyoishi na nambari ile ambayo wewe umeiondoa kwa siku tatu.

Mkeo alipoleta barua yako hakukutetea. Nilimuuliza, huyu aliyefuta na huyu aliyeshindwa kuandika, mumeo ni yupi? Akasema, "Ni huyo huyo mmoja." Nami nikamjibu neno moja tu, "Basi mrudie." Usimfanye ajute kunisikiliza.

Betri uliyoweka ni nzuri. Haizimiki.

Jana, Jumanne, sikwenda kaunta. Nilihamia kwenye kiti chake, kwa sababu huko ndiko kwenye mwanga wa dirisha, nikakiwasha nikacheza kuanzia baada ya chai hadi shingo ikaniuma. Sina kasi. Lori lilijaa mapema, nikapata 4,120. Ni nambari ndogo, hata watoto wangeicheka. Kikaniuliza jina. Nilikaa nacho mkononi nikitazama vile vistari vinne vikiwaka na kuzima. Hapakuwa na mtu wa kufuta.

Nimeandika MIMI.

Bibi